Maabara Zifike Shamba

Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila ya malipo, tarehe 23 Septemba 1964, mtoto wa mkulima alipewa haki ambayo kabla ya Mapinduzi ilikuwa ya wenye fedha. Hilo hatulisahau. Lakini kuingia skuli ni jambo moja, na kufika chuo kikuu kusoma sayansi ni jambo jingine.

Mlango wa masomo hayo haufungwi Tunguu wala Dar es Salaam. Mtoto wa Micheweni au Makunduchi hufungiwa mapema, angali kidato cha pili. Anayetaka shahada ya sayansi yampasa afaulu vyema, kidato cha sita, katika masomo kama kemia, fizikia, bayolojia au hisabati. Kijana aliyesoma kemia kwa kunakili ubaoni, asishike hata siku moja neli ya majaribio, atashindana vipi na mwenziwe wa mjini? Hata katika chuo cha Kurani mwalimu hamsimulii mtoto herufi. Humpa ubao akaandika mwenyewe, akikosea akafuta. Na juu ya hayo, somo lenyewe huletwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani, pwani wala kondeni.

Wako wanaosema watoto wa shamba hawaipendi sayansi. Huo ni uvivu wa fikira. Tazameni kilimo cha mwani, kilichoanza Unguja mwaka 1989. Mama wa Paje anaujua msimu ambao mwani wake huharibika, na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyopo hapa hapa Unguja, wameeleza kuwa joto la bahari lina mkono wake. Binti wa mama huyo, aliyefunga kamba za mwani tangu utotoni, ndiye hasa anayestahiki kukaa katika maabara ile. Akibaki nyumbani kwa kukosa mwalimu wa fizikia, hasara ni ya visiwa vyote.

Kwa hiyo tunawaambia wakuu wanaohusika: mwalimu wa sayansi anayepelekwa shamba apatiwe nyumba kwanza, ndipo apewe barua ya uhamisho. Vifaa vya maabara vianzie skuli zilizo mbali na lami. Dakhalia za mabinti zipewe kipaumbele, kwani bamvua ikifika, wengi wao huitwa pwani. Nasi hatutaridhika na sherehe za kukata utepe. Tutauliza kama bomba la maabara linatoa maji.