Tuzitunze Stakabadhi za Matibabu

Ndugu zetu wakaao Marekani twawanasihi wasizitupe stakabadhi za daktari na za dawa. Sheria ya kodi ya mapato ya huko humruhusu mtu anayeorodhesha makato yake moja moja, badala ya kuchukua kato la jumla, kutoa gharama za matibabu zizidizo asilimia 7.5 ya pato lake. Tuseme pato la nyumba ni dola 40,000, na matibabu yamegharimu dola 5,000. Dola 3,000 za kwanza hazihesabiwi. 2,000 zilizosalia hupunguzwa katika pato litozwalo kodi.

Basi kila stakabadhi iwe na tarehe, jina la mgonjwa na kiasi kilicholipwa. Na maili za safari ya hospitali ziandikwe pia. Zote zihifadhiwe miaka 3 au zaidi baada ya kupeleka hesabu.

Lakini tujihadhari: fedha iliyolipwa na bima si gharama yetu, na kuidai ni uwongo. Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 282, yatuamrisha kuandika madeni kwa uadilifu. Na hesabu hii nayo iandikwe hivyo. Vijana waliosoma wawasaidie wazee wao.