Ukurasa wa Hatua za Mtoto Usiachwe Mtupu

KUTOKA SOSIANI
Na Rael Chepkorir

Kila mama anayehudhuria kliniki nchini Kenya hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho huku Eldoret tunakiita tu kitabu cha kliniki. Kifungue utaona kurasa za chanjo zimejaa tarehe, na mchoro wa uzani umetiwa nukta mwezi baada ya mwezi. Kisha kuna ukurasa wa hatua za ukuaji: kukaza shingo, kushika kitu, kuketi, kusimama, kutembea, kusema. Kabla ya kuanza safu hii nilifanya tiba kazi kwa watoto kwa miaka mingi. Huo ndio ukurasa niliokuwa nikiutafuta kwanza, na mara nyingi mno niliukuta mtupu.

Kijitabu chenyewe kinaeleza wazi. Mtoto huketi kati ya miezi 5 na 9, na hutembea kati ya miezi 12 na 18. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajaketi si wa kusubiriwa. Hata hivyo anasubiriwa. Mama anaambiwa wavulana huchelewa, au kwamba baba yake pia alichelewa na leo ni mzima. Muuguzi ana foleni ya chanjo inayofika nje ya mlango. Familia inapokuja therapi, mtoto ana miaka mitatu au minne, nyonga zimekaza na ngumi hazifunguki. Kazi ambayo ingeanza wakati ubongo ni mchanga na mwepesi kujifunza inaanza wakati misuli imeshafupika.

Wengi wa watoto hawa walichelewa kulia walipozaliwa, au walipata umanjano mkali siku za kwanza, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Hakuna aliyerogwa, wala mama yake hana kosa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu bado kuna nyumba ambazo mtoto hufichwa chumba cha nyuma wageni wakija, na kogo, yaani nyanya yake, ndiye peke yake anayeketi naye.

Wanaosikia habari za therapi hudhani ni mashine. Sehemu kubwa ya kazi ni kijiko, shati na beseni. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa uji akiwa amelala chali mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, uji huweza kuingia njia ya hewa. Anapaliwa, anakohoa, na siku chache baadaye analazwa kwa nimonia. Mwonyeshe mama jinsi ya kumkalisha wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kitoke mbele kwa usawa wa mdomo na si kutoka juu, atie kidogo kidogo na kungoja ameze. Mlo uliokuwa ukichukua saa nzima ya machozi huanza kulika. Nguo nazo zina utaratibu wake: mkono dhaifu huvalishwa kwanza na kuvuliwa mwisho. Vidole vilivyozembea hufunzwa kutafuta vifuniko vya soda ndani ya sufuria ya maharagwe makavu, mtu mzima akiwa karibu asije mtoto akatia maharagwe mdomoni.

Mtoto mwenye usonji ana mahitaji mengine. Anayepiga mayowe kila akinyolewa au akipakwa mafuta si mkaidi. Ngozi yake inapokea mguso huo kama maumivu, na therapisti humsaidia mzazi kujua mguso gani unavumilika, kisha kuupanua polepole. Walimu wa madarasa ya chini wangepewa mafunzo haya, viboko vingi vya siri vingekoma.

Nataka kueleza habari za kiti, kwa sababu hapo ndipo pesa zetu nyingi hupotea. Mtoto asiyeweza kujikalisha anahitaji kiti kilichokatwa kwa kipimo cha mwili wake: urefu wa paja, upana wa nyonga, mahali mgongo unapotaka kushikiliwa. Kuna ufundi wa kutengeneza kiti hicho kwa katoni na magazeti makuukuu, ulioenezwa kutoka Zimbabwe na Bevill Packer na kufika nchi nyingi za Afrika. Katoni hupangwa na kugandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, kikaanikwa, kikapakwa vanishi kisilowe. Hapa kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kiti cha Julai huchelewa kukauka, na mwenye haraka hukiharibu. Kikikauka vizuri hubeba mtoto bila wasiwasi, naye huona meza, hushika kikombe, huwaona ndugu zake wakicheza. Gazeti hili ukishalisoma linafaa kwa kazi hiyo.

Badala yake tunapiga picha. Viti vya magurudumu vya watu wazima hushushwa kwenye lori, mheshimiwa hupunga mkono, na mtoto wa miaka mitano hutumbukizwa ndani ya kiti kinachomeza mwili wake. Anainamia upande mmoja mchana kutwa, na uti wa mgongo unafuata. Kiti kisichopimwa humwongezea mtoto madhara, na mfadhili yeyote, awe mwanasiasa au kanisa, anapaswa kukataa kukigawa bila therapisti kuwepo.

Mjini tumejaliwa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi inahudumia magharibi yote ya Kenya, na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa hapo mwaka wa 2015. Lakini upasuaji na therapi ni safari tofauti. Mzazi wa Burnt Forest au Ziwa anaweza kuuza mbuzi mtoto apasuliwe. Therapi ni wiki baada ya wiki, mwaka hata mwaka, na mtoto anazidi kuwa mzito mgongoni huku makanga akidai nauli ya viti viwili. Nani ana mbuzi wa kila wiki? Watoto wengi huacha therapi kwa sababu ya nauli, na kwenye faili huandikwa kwamba mzazi hakurudi.

Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Ninachoiomba Uasin Gishu ni wataalamu wa tiba kazi walioajiriwa kwa kudumu katika hospitali za Turbo, Soy, Moiben, Ainabkoi, Kapseret na Kesses, wenye siku maalumu za kwenda zahanati na kuingia nyumbani. Njia za kuwafikia watoto zipo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakapewa mikoba ya kupima presha, sukari na mkono wa mtoto mwenye utapiamlo. Wafunzwe pia kuujaza ule ukurasa. Tena tangu 2012 Chama cha MamaToto, mpango uliotokana na ushirikiano wa afya wa AMPATH, kimekuwa kikiwakutanisha wajawazito na kina mama wa watoto wachanga vijijini huku magharibi, wakijifunza na kuweka akiba pamoja. Mtoto asiyekaza shingo angeonekana hapo kabla hajatimiza nusu mwaka.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya 1 Julai, baada ya vikao vya kusikiliza wananchi. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hafiki vikaoni kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Wawakilishi wa wadi wamfuate siku ya kliniki, wakae naye kwenye benchi, wamuulize ametoka wapi, amelipa nauli gani na mara ya mwisho alikuja lini, kisha watie ajira za wataalamu hao wa tiba kazi kwenye makadirio ya mwaka ujao.