Fundi na Nyumba: Supachaja Katika Gari Dogo la Mbio

Injini ya petroli huishi kwa pumzi. Huvuta hewa, huichanganya na petroli, huunguza mchanganyiko huo, kisha hutoa moshi nje. Nguvu itokayo hutegemea uzito wa hewa iliyoingia katika silinda. Petroli ikiongezwa bila hewa huzaa moshi mweusi tu. Ndiyo sababu mji wa Kampala, uliosimama juu ya vilima vyenye kimo cha takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, huinyima injini sehemu ya haki yake. Mgandamizo wa hewa hapo umepungua kwa karibu sehemu moja katika nane ukilinganishwa na ule wa Mombasa. Injini iliyopimwa penye usawa wa bahari ikawa na nguvu za farasi 160, itaukwea mlima wa Kololo ikiwa na 140 tu, au karibu na hapo.

Si ajabu, basi, kwamba wenye magari madogo ya mbio yaletwayo kutoka Japani huulizia habari za supachaja, yaani mashine ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Miongoni mwao wamo askari na polisi waliodunduliza mishahara yao kwa miaka. Lakini jambo hili si la gereji peke yake. Fedha itakayonunua mashine hiyo ndiyo ile ile itakayolipa karo ya watoto, na kasi itakayopatikana itatumika katika barabara wanazozivuka watoto hao hao.

ASILI YAKE

Mashine yenyewe ni kongwe kuliko gari. Katika mwaka 1860, ndugu wawili wa Marekani waitwao Roots walipata hataza ya kipulizia chenye rota mbili zizungukazo pamoja, na kikatumika kupuliza hewa katika matanuri ya kuyeyushia chuma. Mnamo 1921 kampuni ya Mercedes ikaonyesha mjini Berlin magari ya kuuzwa yenye supachaja. Nduguye supachaja ni tabo, ambayo hataza yake ilichukuliwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Tofauti yao ni hii: supachaja huzungushwa na mkanda utokao kwenye krankshafti ya injini, ilhali tabo huzungushwa na moshi utokao katika injini.

Afrika ya Mashariki imezishuhudia zote mbili katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kwa kuzizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la Lancia 037, lenye supachaja, lilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983, wala halikupata kushinda Safari hata mara moja. Mwaka 1984 Toyota Celica yenye tabo, ikiendeshwa na Björn Waldegård wa Uswidi, ilishinda. Hata hivyo, mzaliwa wa Kampala, Shekhar Mehta, alikwisha kuzishinda mbio hizo mara tano: mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, kisha mfululizo tangu 1979 hadi 1982, na magari yake yote yalivuta hewa kwa pumzi yao wenyewe. Somo la Mehta ni kwamba springi imara, breki za kutegemewa na akili ya dereva hutangulia nguvu za injini.

JINSI IFANYAVYO KAZI

Mkanda huzungusha rota, rota huibana hewa, na hewa iliyobanwa huingia silindani kwa wingi kuliko ambavyo pistoni zingeweza kuivuta peke yake. Faida yake kubwa ni kuitikia upesi: mguu ugusapo kiongeza mwendo, nguvu hufika papo hapo. Lakini hakuna cha bure. Kuuzungusha mkanda huo hula sehemu ya nguvu ya injini yenyewe, na hewa ibanwapo hupata joto. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi yaweza kutoka ikiwa imepita nyuzi 60. Kwa hiyo hutakiwa kipoza hewa, mfano wa radieta ndogo, kati ya supachaja na injini.

Hewa ikiongezeka, petroli nayo sharti iongezeke. Katika mwendo wa kawaida injini hutaka sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Inaposukumiwa hewa kwa nguvu, hutaka petroli zaidi ya hapo, karibu sehemu 12 kwa moja, ili silinda zisipate joto la kupita kiasi. Pampu ya petroli au nozeli zikiwa ndogo, mchanganyiko hukauka. Hapo petroli hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga kama nyundo juu ya bati, na pistoni hutoboka. Makelele hayo yaweza kudumu dakika chache tu kabla ya hasara.

HATARI YA KIMO

Liko jambo ambalo vijitabu vya wauzaji hulipita kimya. Supachaja huzidisha hewa iliyopewa. Ikiwa imetengenezwa kuzidisha mara 1.4, basi penye usawa wa bahari mshale wa kipimo utaonyesha ongezeko la karibu 0.4 ya baa. Kampala, ambako hewa huanza na 0.88 ya baa tu, mshale huo huo utaonyesha 0.35. Mwenye gari hulalamika kwamba amepunjwa, na fundi asiye mwangalifu humwekea puli ndogo zaidi ili rota zizunguke upesi na mshale upande. Gari hilo likishuka siku moja hadi Mombasa, hewa nzito ya pwani hulisukumia injini mgandamizo ambao haikuandaliwa. Ajali hiyo ya injini ilitayarishwa Kampala.

Yafaa pia kutazama uwiano wa kubana wa injini yenyewe. Mazda MX-5 za kwanza, zilizotolewa mwaka 1989, zilikuwa na uwiano wa 9.4 kwa moja, nazo huvumilia ongezeko la kiasi. Toyota 86, iliyotoka mwaka 2012, ina 12.5 kwa moja. Hiyo tayari huibana hewa mno, na kosa dogo la petroli au la majira ya cheche laweza kuiua.

NYUMBA YA SAJINI

Na ichukuliwe, kwa mfano, nyumba ya sajini mmoja katika kambi ya Mbuya. Ameweka akiba, na gari lake dogo la viti viwili limechoka kidogo. Fundi amemwambia, "Afande, supachaja ikifungwa, gari litaruka." Jioni mkewe amtilia chakula, kisha auliza neno moja tu: "Baba Musa, likisharuka, litasimama?"

Swali hilo lina elimu ndani yake. Umbali wa kufunga breki hukua kwa mraba wa kasi. Gari liongezapo kutoka kilomita 60 hadi 85 kwa saa, umbali huo huwa maradufu. Katika barabara ya Jinja, penye bodaboda wakatizao na watoto wavukao, maradufu hiyo ndiyo tofauti kati ya kupiga honi na kuzika.

Sajini arudi gereji na kuomba mambo yafanywe kwa taratibu. Kwanza kila silinda ipimwe mgandamizo. Yaonekana moja inavuja. Kisha radieta isafishwe, hozi zilizopasuka zibadilishwe, na plagi na kichujio cha hewa viwe vipya. Baada ya hayo breki na matairi. Kazi hiyo ikiisha, gari lapata tena nguvu nyingi zilizodhaniwa kuwa zimeibwa na mlima, na akiba ya nyumba bado ina mwili. Supachaja yangoja zamu yake.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Anayedhamiria kuendelea ayashike haya. Anunue mashine iliyotengenezwa kwa injini ya namna yake, pamoja na puli, mkanda, kipoza hewa na nozeli zake, wala asiunganishe vipande vya magari matatu. Mafundi wa Katwe wana mikono hodari ya kuchomelea vishikio na mabomba. Lakini upangaji wa kompyuta ya injini ni kazi ya aliyesomea hiyo, mwenye chombo cha kupima uwiano wa hewa na petroli. Oili ibadilishwe mapema kuliko zamani. Safari ya kwanza isiwe ya mashindano.

Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi, maana gari lililobadilishwa kwa siri laweza kukosa fidia siku ya msiba. Na mnunuzi akumbuke kwamba sheria ya Uganda, tangu marekebisho ya mwaka 2018, hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Asidanganywe na bei ya gari kuukuu lililoko bandarini.

Mwenye kiu ya kasi aende katika mashindano yaliyoandaliwa kwa sheria, penye kofia ngumu, wazima moto na daktari. Barabara ya Entebbe na ile ya Masaka hazina hayo. Askari aliyeapa kulinda raia hupungukiwa heshima akiwatisha raia hao kwa gari lake mwenyewe.

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Gari lenye nguvu na salama nalo huundwa, tena kwa mpango: breki kwanza, afya ya injini pili, pumzi ya kuongezwa mwisho. Na hesabu ya fedha hufanywa na watu wawili, mume na mke, kabla ya spana kuguswa.