NDOO ZETU ZIPIMWE MAABARA, SIYO KWA MACHO

Ndugu wanaushirika,

Kila nyumba hapa kijijini ina ndoo, dumu au kopo la plastiki. Humo tunaweka maji, togwa, maziwa ya mgando na mafuta ya kula. Tumeuliza dukani kwetu: ndoo hizi zina nini ndani yake? Tukajibiwa, "Aliyetuletea kasema ni za chakula." Basi! Neno la mfanyabiashara ndiyo kipimo chetu.

Tunapinga.

Plastiki hutiwa rangi na dawa za kuikaza. Rangi nyingine za njano na nyekundu zina madini ya risasi au kadimiamu. Plastiki nyingine nyeusi imetokana na televisheni na redio mbovu zilizosagwa na kuyeyushwa upya. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2018 ulikuta risasi katika bidhaa za namna hiyo. Hatusemi kila ndoo ina sumu. Tunauliza, ipi inayo? Jicho halioni, pua hainusi. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo wa mtoto. Kadimiamu inaharibu figo.

Wapo wanaosema, "Mbona tumetumia miaka yote na hatujafa?" Ndugu, sumu hii haiangushi mtu siku moja. Inajilimbikiza mwilini kidogo kidogo.

Wengine wanasema kupima ni mambo ya wakubwa. Siyo kweli. Mtaalamu hukata kipande cha chombo, akakiloweka katika maji yenye asidi ya siki asilimia 3, pengine siku 10 kwenye joto la nyuzi 40. Halafu mashine hupima madini yaliyotoka. Siki inatumika kwa sababu chakula kichachu huyavuta madini zaidi. Na togwa yetu je, siyo chachu? Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Dar es Salaam na kwenye kanda, kama Mwanza, Mbeya na Arusha. Mtu mmoja kulipia ni shida, ushirika unaweza. Hela ya chai ya vikao ipo, ya kupima ndoo ikosekane?

Jumamosi kikao kiamue:

1. Duka letu lisiuze chombo cha chakula kisicho na alama ya TBS.
2. Ndoo zinazouzwa sana zipelekwe kupimwa, na majibu yabandikwe hapa ubaoni.
3. Madumu ya rangi na ya dawa za shambani yatobolewe. Kuyaosha hakutoshi.

Wakati tunasubiri, togwa na maziwa yarudi kwenye kibuyu, na uji wa moto usimiminwe kwenye ndoo za rangi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayepinga aje Jumamosi, aseme mbele ya akina mama wanaolea.

Sisi, Kamati ya Afya ya Ushirika