Mlipe Fundi kwa Kutafuta, Si kwa Kubadilisha

Gari linalofikishwa kwenye gereji za mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia, likiwa limekufa kabisa lina nafuu kuliko lile linalowaka vizuri, linalokwenda vizuri, lakini hutetemeka dereva anapokanyaga mafuta kidogo. La kwanza litafunguliwa, kilichovunjika kitaonekana, bei itasemwa. La pili ndilo linaloanza safari ndefu. Leo litabadilishiwa buji, wiki ijayo koili, mwezi ujao maunti za injini, na mwisho wenyewe watachanga dola za kuagiza giaboksi iliyotumika kutoka Kampala. Siku giaboksi hiyo inapofungwa, gari linatoka gereji, linafika kwenye lami, na linatetemeka vilevile.

Wenye magari wa Bunia wana jibu jepesi kwa mkasa wa namna hiyo: fundi hajui kazi. Jibu hilo halimtendei fundi haki. Vijana wanaolala chini ya magari katika jiji hili hushusha injini ya Land Cruiser kwa vifaa ambavyo fundi wa Ulaya angevikataa, na huirudisha ikawaka. Mikono wanayo. Kasoro iko katika jinsi wanavyolipwa, kwa sababu mteja hutoa pesa kwa kipuri kilichofungwa na nati zilizokazwa. Saa moja ya fundi kukaa ndani ya gari, kulisikiliza, kulipandisha mlima na kuliteremsha haina bei katika gereji zetu. Kisicho na bei hakifanywi.

Mtetemo wa kukanyaga mafuta kidogo ni aina ya hitilafu isiyokubali kubahatishwa, maana vyanzo vyake ni vingi na dereva huvisikia vyote kwa namna moja, kupitia kiti na usukani. Tabia zake hata hivyo ni tofauti. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa linazunguka kama mara 8 kila sekunde. Injini yenye silinda nne ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, na silinda moja haichomi, hutoa mishtuko 12 au 13 kwa sekunde. Mwili wa binadamu hauwezi kuhesabu hivyo, lakini mguu unaweza kutenganisha. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta huku gari bado likiwa na mwendo uleule, na mtetemo ukaendelea, atazame matairi, rimu na balansi. Ukikoma papo hapo, matairi hayana kosa. Uchunguzi uelekezwe kwenye injini, giaboksi au ekseli.

Kwa nini iwe kukanyaga kidogo na si sana? Madereva wengi husema, kwa namna ya kujifariji, kwamba gari lao huacha kutetemeka wakilikanyaga kwelikweli, na hapo huamua kwamba tatizo ni dogo. Katika gari la gia otomatiki, maneno hayo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Kati ya injini na giaboksi hukaa konveta, bakuli la chuma lililojaa mafuta, linalopeleka nguvu ya injini kwa msukumo wa mafuta hayo. Mafuta hayo huteleza, na kuteleza ni hasara ya petroli. Kwa hiyo watengenezaji waliweka ndani yake klachi ndogo inayoziunganisha pande mbili moja kwa moja. Katika Toyota nyingi za zamani zenye gia nne, klachi hiyo hushika injini ikishapata joto, gari likiwa kwenye gia ya juu na mguu ukiwa mwepesi. Mafuta ya giaboksi yakichakaa, klachi hushika na kuachia, kushika na kuachia, na dereva huona kana kwamba anapita juu ya matuta madogo yaliyopangwa. Akikanyaga sana, giaboksi hushusha gia, klachi huachia, matuta hupotea.

Kipimo chake hakigharimu hata faranga moja. Mahali palipo wazi na salama, gari likiwa kwenye mwendo unaolitetemesha, mguu wa kulia ubaki ulipo na wa kushoto uguse breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Kompyuta ikisikia breki huiachia klachi ya konveta. Mtetemo ukikatika hapo hapo, mkosaji amejulikana, na dawa ya kwanza ni kubadilisha mafuta ya giaboksi kwa aina ile iliyoagizwa na kiwanda. Ukiendelea, giaboksi isiguswe kwanza; kuna wengine wa kuhojiwa.

Rwambuzi ina ugumu wake hapa. Fundi atafikia wapi mwendo wa kuishikisha klachi hiyo, tuseme kilomita 70 kwa saa? Boulevard de la Libération ina lami, lakini ina wamotari wanaochomoza kila upande. Mitaa ya udongo haimruhusu kupita kilomita 20, na kwa mwendo huo klachi ya konveta haijashika hata mara moja. Fundi huzunguka mtaa, harudi na lolote, na husema kwa uaminifu kabisa kwamba gari ni zima. Ili alisikie inambidi atoke nalo kwenye barabara ya taifa namba 27, kuelekea Komanda au Iga-Barrière. Hiyo ni esansi, ni vizuizi vya barabarani, na katika mkoa wetu wa Ituri, ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, ni hesabu ya usalama pia. Nani atagharamia? Mteja hajaambiwa kwamba jambo hilo linalipiwa, na fundi hawezi kulitoa sadaka. Wote wawili huamua kununua buji.

Na kubahatisha wakati mwingine huponya, jambo linalozidi kuwapotosha. Barabara za Ituri huzipasua raba za jointi za ekseli, grisi ikamwagika na vumbi likaingia. Jointi ya ndani iliyolika hutetemesha gari la kuvuta mbele pale tu linapoongezewa nguvu, na hutulia mguu ukiondoka. Maunti hukatika kwa mashimo. Kwenye Land Cruiser na Hilux, misalaba ya kardani huliwa. Vipuri hivi hufa mara nyingi mno hapa hata anayebahatisha hupatia, na akipatia mara tatu hupewa jina la fundi bingwa. Mara ya nne anamuuzia mtu giaboksi.

Upande wa injini, mashine ya kusomea kompyuta ya gari imeingia gereji nyingi, na imeleta ulevi wake. Inaandika P0302, na maana yake ni kwamba silinda ya pili inamisi. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa koili, buji, injekta iliyoziba, hewa inayopenya penye gasketi au valvu iliyoungua. Fundi anayelipwa kwa kipuri atanunua koili. Fundi anayelipwa kutafuta atahamisha koili ya silinda ya pili aiweke kwenye ya kwanza, aendeshe gari, kisha asome tena. Namba ikigeuka kuwa P0301, koili ni mbovu kweli. Ikibaki P0302, koili imesalimika na pesa ya mteja pia. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haina risiti ya duka.

Halafu kuna suala ambalo wengi Bunia wanalifahamu na hawalitaji: mafuta yenyewe. Esansi ya mji huu husafiri sana, mara nyingi kupitia Uganda, na sehemu yake humalizia safari kwenye madumu na chupa za kadhafi, wale wauzaji wa kando ya barabara. Kadhafi anasaidia, bila yeye motari angetembea kwa miguu. Lakini dumu lililoachwa wazi kwenye mvua ya jioni hukusanya maji, na maji yakiingia kwenye tangi la gari hukaa chini, pale pampu inaponyonyea. Injini huanza kushtuka. Kipimo chake ni chupa ya kioo: chota esansi kidogo, iache itulie, tazama chini. Maji hujitenga. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayajitengi, na kwa hayo mwananchi hana kinga ya macho.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki zilichukua hatua. Tanzania, kupitia EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka kiashiria cha kikemikali kwenye mafuta ili wakaguzi watambue yaliyochakachuliwa. Kenya mwaka 2018 iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya ipotee, ingawa maskini wanaopikia mafuta hayo ndio waliobeba mzigo. Njia ya Tanzania ndiyo bora. Hapa Kongo ipo OCC, ofisi ya taifa yenye jukumu la kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Lakini ukaguzi wa mpakani Mahagi haumsaidii dereva kama esansi inaharibikia kwenye dumu njiani. Anachohitaji ni kipimo pale anaponunulia.

Asije mtu akadhani kubahatisha ni ugonjwa wa gereji za udongo. Kampuni kubwa zimeanguka kwenye shimo hilohilo zikiwa na maabara. Mwezi Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru Ford ya nchi hiyo ilipe dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi za PowerShift. Magari yao yalitetemeka wakati wa kuondoka, na mara nyingi waliambiwa kwamba sababu ni jinsi wanavyoendesha, ilhali kampuni ilijua mtetemo ni dalili ya kasoro. Dereva wa Bunia aliyewahi kuambiwa kwamba yeye ndiye hajui kukanyaga mafuta atajiona humo. Kwa General Motors, giaboksi za gia nane zilitetemeka kwenye mguu mwepesi, na tiba iliyosambazwa kwa mawakala ilikuwa kuyamwaga mafuta yaliyokuwa yakinyonya unyevu, kusafisha na kujaza ya aina nyingine. Mafuta tu. Nissan nayo, baada ya malalamiko kuhusu giaboksi zake za CVT huko Marekani, ilirefusha dhamana ya modeli za 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000.

Magari kama hayo ya CVT, yakishamaliza miaka yake Japani, hushuka Mombasa na Dar es Salaam na kuishia kwetu bila kitabu cha dhamana na bila kumbukumbu ya lini yalibadilishwa mafuta. Hatari kubwa zaidi inayoyangoja ni ukarimu: fundi anayemwaga ndani mafuta mekundu ya Dexron kwa sababu ndiyo yaliyopo dukani. Giaboksi ya CVT huvuta kwa mkanda wa chuma unaobanwa na puli, na huhitaji mafuta yake maalumu ili mkanda usiteleze. Kosa hilo moja linaweza kuugeuza mtetemo mdogo kuwa chuma chakavu. Hata Toyota za gia nne zinazodai mafuta ya aina ya T-IV hujaziwa chochote chekundu, kisha watu wanashangaa.

Mafundi nao wana lawama yao kwa wateja, na ni ya haki. Fundi akikesha na gari, akagundua ni bomba la hewa lililochomoka, akalirudisha kwa mkono, mteja huuliza amefanya nini cha kulipwa. Hajabadilisha kitu! Kwa swali hilo, mteja anamfundisha fundi kwamba siku nyingine abadilishe, hata pasipo haja. Wanaolalamika kwamba gereji zinawamaliza waanze kujiuliza ni mara ngapi wamemlipa mtu kwa kuwaambia ukweli wa bure.

Dawa si ngumu kuianza. Gereji za Rwambuzi zitaje bei mbili, ya kutafuta na ya kutengeneza, na ya kutafuta ilipwe kwanza pamoja na esansi ya kutoka na gari hadi kwenye barabara inayokimbilika. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964, na shule za ufundi za mkoa zimfundishe kijana kupima kabla ya kufungua, kwa sababu spana ameshaizoea tangu utotoni. Na mwenye gari, kabla hajakabidhi ufunguo, aandike kwenye karatasi gari linatetemeka kwa mwendo gani, likiwa la moto au baridi, mlimani au tambarare, linaacha lini, na esansi ya mwisho aliinunua wapi. Karatasi hiyo ampe fundi pamoja na malipo ya kutafuta, na asikubali kipuri chochote kinunuliwe kabla hajaelezwa ni kipimo gani kilichokihukumu.