Paka Mdogo na Mswala wa Mavyaa



Jumatano ya juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alifika mlangoni pa madrasa mama mmoja kijana akiwa na kikapu kilichofunikwa kwa leso. Watoto walikuwa wakitawanyika na juzuu zao, na kila aliyepita alisimama kuchungulia, kwani ndani ya kikapu mlikuwa na kiumbe kinacholia. Nilimkaribisha kiti, asikae. Aliniuliza akiwa amesimama: "Sheikh, nikenda kumwacha huyu pale sokoni kwa wauza samaki, nitakuwa na dhambi?"

Akafunua leso. Alikuwa mtoto wa paka wa miezi miwili hivi, mwenye rangi ya majivu. Kosa lake ni kwamba katika juma moja alikojoa mara tatu juu ya mswala wa mavyaa ya mama huyu. Mavyaa amekwisha kutoa shauri: asubuhi inayofuata asimwone paka humo nyumbani. Wajukuu wamelia, na baba yao amekaa kimya kama wakaavyo kina baba katika mambo haya.

"Mwanangu," nikamwambia, "kabla sijakujibu la dhambi, nambie kwanza: mlitaka akojoe wapi?"

Alinyamaza. Kisha akasema kwamba wanakaa ghorofa ya tatu, hakuna ua, na nyumba nzima ina vigae.

Nimeona niandike hapa niliyomweleza, kwa kuwa si yeye peke yake. Paka ameumbwa na tabia ya kufukua, kwenda haja, kisha kufukia. Katika wiki tatu za mwanzo hawezi hata kukojoa mwenyewe mpaka mama yake amlambe. Kuanzia wiki ya nne hivi huanza kutafuta kwa miguu yake kitu cha kuparura, na kile akikanyagacho siku hizo ndicho akizoeacho. Katika nyumba za wazee wetu, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, nyuma mlikuwa na ua na pembeni kichochoro chenye mchanga, na hatukupata kusikia mtu aliyemfunza paka haja. Mchanga ulimfunza. Leo tumepanda ghorofani, paka tumemchukua na mchanga tumeuacha chini. Huyu mdogo amezunguka vigae vyote akitafuta kitu laini kinachoparurika, akaukuta mswala. Hakuudharau. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu kingine kilichofanana na ardhi.

Kwa hiyo dawa ni kumrudishia ardhi yake. Chukua beseni pana la plastiki, ambalo ukingo wake hauzidi vidole vinne, kwa sababu mtoto wa paka hawezi kupanda karai refu. Ukiwa na beseni kuukuu, likate upande mmoja kwa kisu limfanyie mlango. Tia mchanga mkavu uliochekechwa, kina chake vidole vitatu. Mchanga wa pwani nao hufaa ukisuuzwa chumvi na kuanikwa. Ule wa dukani unaogandamana ukilowa mwache mpaka akue, maana wadogo huulamba, na ukigandamana tumboni huwa balaa. Majivu ya jikoni usitie, huwasha miguu yakipata maji.

Mahali pa kuliweka beseni pana uzito kuliko beseni lenyewe. Paka hapendi kula anapokwenda haja, wala hapendi kwenda haja palipo na kelele na mapito ya watu. Kwa hiyo lisiwe karibu na sahani yake, lisiwe nyuma ya mlango unaofunguliwa kila dakika, na wala lisiwe chooni ambamo mlango hufungwa usiku akabaki nje. Pembe tulivu ya chumba au ya roshani yenye kivuli yatosha. Mkiwa na paka wawili, wekeni mabeseni matatu. Wako wasiokubali kushirikiana.

Siku za mwanzo usimwachie nyumba nzima. Mweke katika chumba kimoja, beseni pembe hii na chakula pembe ile. Kila aamkapo, kila amalizapo kula, na kila atokapo mchezoni, mbebe taratibu umweke juu ya mchanga, uuparure kidogo kwa kijiti ausikie. Usimshike miguu ukamlazimisha kufukua. Kile kitambaa ulichofutia mkojo wake kifukie kidogo mchangani, harufu itamwita. Akifanya, mwache amalize, na mtoto wa nyumbani ampe kipande cha dagaa. Wengi hushika katika siku chache, na baadhi huchukua wiki mbili tatu.

Na akikosea? Hapa watu wetu wana desturi mbaya ya kumshika shingo na kumsugulia pua kwenye mkojo. Paka hafungamanishi adhabu hiyo na kosa lililopita. Anachojifunza ni kwamba wewe ni wa kuogopwa, basi mara ya pili atakojoa chini ya kabati, na hutajua mpaka harufu ikuambie. Lakini akiwa dume, ukamwona akiingia beseni mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, huo si ukaidi. Huenda njia imeziba, naye hufa kwa siku chache. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kinyesi kiondolewe kila siku, na mchanga wote ubadilishwe kila wiki, beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida. Zile dawa za choo zenye fenoli ni sumu kwa paka, na dawa za klorini zikikutana na mkojo hutoa mvuke unaodhuru kifua. Mwenye mimba amwachie mwingine kazi hii, au akikosa mtu avae glavu na anawe vizuri. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kijidudu kiitwacho Toxoplasma, chenye kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hicho hakiambukizi pale pale kinapotoka. Huchukua siku moja hadi tano, ndiyo maana nikasema kila siku. Wala usimpe paka nyama mbichi, kwani humo pia hukipata.

Sasa tuingie tohara, ambayo ndiyo iliyomkasirisha mavyaa, na haki anayo. Wako wanaosema, "Paka si najisi, Mtume amesema," kisha wakaupangusa mkojo kwa karatasi wakaswali. Hadithi hiyo ni sahihi lakini wameiweka pasipo pake. Kisa chake ni cha Kabsha binti Ka'b bin Malik, aliyekuwa mke wa mwana wa Abu Qatada. Alimtilia bavyaa yake maji ya udhu, akaja paka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo paka apate kunywa vizuri. Kabsha akawa anamtazama kwa mshangao, ndipo akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika hao wanaotuzunguka majumbani. Hilo ni la kinywa chake na maji aliyoyabakisha. Ama mkojo na kinyesi chake, katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, na huoshwa. Mama mmoja aliniuliza kama anayenyonya bado ana ruhusa ya kunyunyiziwa maji tu. Ruhusa ile ni ya mtoto mwanamume wa binadamu ambaye hajala chakula.

Na kuosha kwenyewe wengi hukosea. Huchukua kitambaa, wakakichovya ndooni, wakafuta, wakakichovya tena. Maji machache yasiyofika qullatein yakiingiwa na najisi yamenajisika, na hapo mmeipaka nyumba nzima. Fyonza mkojo kwanza kwa kitambaa kikavu mpaka kusibaki umajimaji, kisha mimina maji safi juu yake yapite mahali pote. Mswala vivyo hivyo: utandike penye kutiririka, maji yaujie kutoka juu, mpaka harufu na rangi ziondoke. Siki ukipenda itie baadaye, ili paka asirudie harufu yake. Kinachotohirisha ni maji.

Likabaki swali lake la dhambi. Alijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. "Lakini mimi simfungii, Sheikh, namfungulia, na pale samaki hawakosekani." Nikamwambia kwamba kumwacha mnyama huru panapo riziki, naye anaweza kuifikia, wanavyuoni wameruhusu. Huyu wa miezi miwili, kati ya mapaka dume ya sokoni na magurudumu ya mikokoteni, haifikii. Akimpata wa kumlea ampe, na mavyaa hatakuwa na lawama. Akimtupa pale, sina la kumhalalishia.

Alifunika kikapu akaenda zake. Jumapili alimtuma mwanawe mkubwa, ambaye ni mwanafunzi wetu, aniambie kwamba bibi amewapa siku kumi, kwa sharti mswala wake utundikwe ukutani kila baada ya sala. Nikamuuliza mchanga wameupata wapi. Akasema bibi mwenyewe ndiye aliyemtuma kwa fundi anayejenga hapo jirani, na chekecheo ni lake la unga la zamani, asilotaka tena lirudishwe jikoni.