Digrii ya fedha itamfaa nini mtoto wa Garsen?

Mzee mmoja mfugaji alinikuta kwenye kibanda cha chai pale Garsen, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya mwanawe ya kuitwa chuo kikuu kusomea Shahada ya Biashara, upande wa fedha. "Ndugu yangu, wewe umesomea mambo ya hesabu," akaniambia. "Niuze ng'ombe wangapi? Na huyu kijana akimaliza, atakuwa nani?"

Mimi nina stashahada ya uhasibu tu, lakini swali la kwanza nilijaribu kulijibu kwa kalamu. La pili nilimjibu haraka kwamba atafanya kazi benki. Usiku ule jibu langu lilinisumbua. Hilo lilikuwa jibu la enzi yetu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu wa Garsen hutuma na kupokea pesa bila kusimama mbele ya dirisha la benki. Si halali kumwambia mzazi auze mifugo kwa kutegemea dirisha ambalo hata yeye mwenyewe halitumii.

Basi tulitazame swali lake vizuri, maana si lake peke yake. Kila mwaka vijana wa Garsen, Galole na Bura waliopata alama ya C+ na zaidi huitwa vyuoni, Kilifi, Mombasa na Nairobi, na wengi huchagua kozi za biashara kwa sababu jina lake lina harufu ya pesa. Wanachofundishwa huko ni kitu gani?

Somo la msingi la fedha ni kwamba shilingi 1,000 ya leo si sawa na shilingi 1,000 ya mwaka ujao. Mwalimu huliandika ubaoni kwa fomula ndefu. Mfugaji wa Tana analijua bila ubao. Ng'ombe aliyenona baada ya masika, mwezi wa Juni, ana bei yake. Ng'ombe yuleyule mwezi wa Septemba, karo ikidaiwa na malisho yakiwa yamekauka, ana bei nyingine kabisa. Somo la pili ni kugawa hatari. Mfugaji huligawa kundi, wengine wakabaki karibu na mto, wengine wakapelekwa mbali, mbuzi wakawekwa kwa shemeji. Mkulima Mpokomo naye hupanda maembe, ndizi na mpunga kwa hesabu iyo hiyo, kwa kuwa mto unaomlisha ndio unaomfurikia.

Kwa hivyo elimu ya fedha si ngeni kwetu. Tatizo ni kwamba mtoto wetu husoma miaka minne mifano ya hisa za Nairobi na London, akarudi nyumbani akiamini kwamba ng'ombe wa babake si mali ya kuhesabiwa.

Chukueni mfano wa bima ya mifugo. Mwaka 2010 ilianza Marsabit bima ambayo haisubiri mtu alete ngozi ya mnyama aliyekufa. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kupitia takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu. Baadaye mpango wa serikali wa bima ya mifugo uliingia kaunti kadhaa za wafugaji, Tana River ikiwemo. Hata hivyo, katika ukame wa 2020 hadi 2023 zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini, na wafugaji wengi hawakuwa na bima yoyote. Nani atakaa chini ya mti amweleze mzee, kwa lugha yake, kwamba setilaiti inaweza kuona majani mahali ambapo ng'ombe wake hawali, na hivyo akakosa malipo? Hiyo ni kazi ya mtu wa fedha, tena mtu wa hapa.

Kazi nyingine ni bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa fedha wa kaunti ufikishwe bungeni kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Inataka pia angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na wananchi washirikishwe. Sisi huitwa kwenye ukumbi, tukapewa soda na kitabu kinene, tukatia sahihi kwamba tumeshirikishwa. Tungekuwa na vijana kumi tu wanaoweza kufungua kitabu kile na kuuliza pesa za zahanati ya mwaka jana zimeenda wapi, kikao kingebadilika.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi Waislamu. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa mfumo wa ufadhili ulioanzishwa 2023, gharama za masomo hugawanywa baina ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa mzazi. Kijana anayeukataa mkopo kwa kuogopa riba, pengo lake linajazwa na zizi la babake. Mimi si mufti, fatwa nawaachia wenye elimu yake. Ninachosema ni kwamba anayemcha Mungu asilipe gharama kubwa zaidi ya wenzake kusoma. Tunahitaji njia ya mkopo isiyo na riba, iliyo wazi, inayojulikana hadi Kipini na Bura. Wabunge wetu walisemee hilo.

Na darasani vilevile. Benki zinazofuata sharia zilifunguliwa Kenya mwaka 2008. Murabaha, mudaraba na ijara si mambo ya pembeni tena, ni biashara inayoajiri watu. Vyuo vya Pwani vinavyopokea watoto wetu viyafundishe kama somo kamili.

Kwa wazazi na vijana nina maneno matatu. Kwanza, kabla ya kuchagua kozi, ombeni orodha ya masomo ya miaka yote minne, msitazame jina pekee. Pili, kijana aanze mitihani ya CPA mapema akiweza, maana soko la kazi linaiheshimu. Tatu, akitafuta mahali pa mafunzo ya kazini asikimbilie mjini tu. Aombe kwenye ofisi ya fedha ya kaunti kule Hola, kwenye chama cha akiba na mikopo, au kwa wanaouza maembe.

Yule mzee nilimtafuta tena. Nikamwambia: auze mapema, ng'ombe wakiwa wamenona, asingoje siku ya karo, na pesa ziwekwe mahali ambapo harusi na matanga hayazifikii. Kuhusu mwanawe, nikamwambia jibu langu la kwanza lilikuwa na kasoro. Digrii haina ahadi ya kiti cha benki. Lakini akirudi anaweza kusoma bajeti ya kaunti na mkataba wa bima, ng'ombe wale hawatakuwa wamepotea.

Mzee akanitazama kidogo. "Na asiporudi?" akaniuliza.

Hilo sikuwa na jibu lake. Nawaulizeni nyinyi, wasomaji, na zaidi nawauliza viongozi wetu: mmemwandalia nini cha kumrudisha?